Nadhiri ya Bi Hamisa

Tangu arudi likizo kutoka chuoni Uganda, Nassibu alikuwa hakaliki. Akikaa barazani, anainuka. Akiingia ndani, anatoka. Majirani wa Mtoni walisema ndivyo walivyo wasomi, akili haziwapi raha. Laiti wangejua! Mtihani wa mwaka wa pili wa udaktari ulikuwa umemwangusha vibaya, na chuo kilimpa nafasi moja tu ya kuurudia mwaka. Garimoshi lilikuwa linaondoka mchana wa siku ile, naye hakuwa na hamu ya kulipanda.

Siku zote alijiambia anasoma kwa ajili ya mama yake, mjane aliyemlea kwa kuuza vitumbua. Sasa hata hilo halikumsukuma tena. Kilichobaki ni kumwambia, na kumwambia kulimtisha kuliko mtihani wenyewe.

Alimkuta uani akipepeta mchele.

"Mama, nimefeli. Sirudi tena Uganda. Nisamehe."

Bi Hamisa akaweka ungo chini, akapiga kigelegele mpaka jirani yake akachungulia juu ya ua.

"Alhamdulillahi! Chausiku, njoo! Mwanangu haondoki tena! Ijumaa nachinja mbuzi wangu wa nadhiri!"

"Nadhiri gani, mama?"

"Niliiweka siku ile ile ulipoondoka. Ukirudi nyumbani moja kwa moja, nachinja."

"Kumbe muda wote huo ulikuwa unaniombea nifeli?"

"Mie nimekuombea urudi, baba. Kufeli umefeli mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma Nassibu kwelikweli. Mama aliona, sauti ikamshuka.

"Kaka yako Marijani alifaulu. Wakampa kazi Mwanza, akaoa huko huko, hata maziko ya baba yenu hakuyawahi. Na wewe ukifaulu, mie nibaki na nani humu?"

Nassibu alimwonea huruma, lakini hasira ilikuwa imeshampanda: mtu aliyemdhania ndiye nguvu zake, kumbe alikuwa akivuta kamba upande wa pili! Akaingia ndani, akatoka na sanduku lake.

"Kwaheri, mama. Nakwenda kuurudia mwaka. Nikifaulu nitarudi."

"Na Marijani alisema hivyo hivyo."

Alishika njia ya stesheni kwa hatua za haraka, sanduku begani, akitaja mmoja mmoja mifupa ya mkono. Kila alipokosea, alimwona mama yake juu ya mswala, machozi yakimtiririka, akimwomba Mungu amrudishe. Akaanza upya.