Vyumba vya Mfundisi

Jumamosi asubuhi MaDube alikuwa kibarazani kwake Luveve, mjini Bulawayo, akichambua dagaa wakavu, vichwa kwenye bakuli la paka na miili kwenye sufuria yake, Nokuthaba alipofungua geti. Nokuthaba alikuwa mjane wa Mthabisi, mwana wa pekee wa MaDube, aliyezikwa mwezi wa pili. Kwa mkono mmoja alimshika binti yake wa miaka mitatu, Sinqobile. Kwa mkono wa pili alibeba boksi la sabuni lililokuwa likilia.

"Nimekuletea vitoto vya paka, Mama. Viwili. Nasikia panya wamezidi, na Mfundisi ameshazeeka."

Mfundisi alikuwa paka wa nyumba ile, mweusi mwenye kola nyeupe shingoni kama ya mchungaji wa kanisa, na ndiyo maana ya jina lake. MaDube alivigeuza vile vitoto tumbo juu, akavitazama masikio, akaridhika.

"Wazuri hawa. Nawachukua."

"Na sisi, Mama? Mwenye nyumba kataka chumba chake. Tangu Jumatatu tunalala jikoni kwa watu."

"Mwanangu, nyumba yenyewe vyumba viwili. Nitawabana wapi? Kwenu je?"

"Kwetu alikuwa mama tu, na wewe ulikuja kumzika."

"Kweli," alisema MaDube. "Alizikwa vizuri sana yule."

MaDube alikuwa mkunga mstaafu. Kwa miaka thelathini alipokea viumbe vigeni na kuvizoesha dunia, na hakuwa na wasiwasi wowote juu ya paka hawa wawili. Aliwafungia chumba cha nyuma, akamwacha Mfundisi chumba cha mbele. Kisha akawapangusa wageni kwa kitambaa, akakitandika chini ya bakuli la mwenyeji, ili aizoee harufu yao kabla ya kuziona sura zao. Mfundisi alinusa, akatoa sauti kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na chumba kipya katikati ya vile viwili. Kilikuwa cha matofali, kimepakwa rangi ileile ya nyumba, kina dirisha moja na msumari ukutani wa kutundikia koti. MaDube alisimama mlangoni, akakitazama, akaenda kuchukua ufagio.

"Mfundisi ameomba nafasi," alimwambia jirani yake MaKhumalo. "Siyo vibaya. Mgeni hasukumwi usoni kwa mwenyeji."

Alisogeza mabakuli karibu kidogo, akabadilisha vitambaa. Mfundisi akafoka tena, na chumba cha nne kikaja. Wiki ya pili vilifika sita. Nyumba ilikuwa ikirefuka kuelekea kwa MaKhumalo, na chumba cha sita kilikalia tuta lake la mboga.

"MaDube! Huyo paka wako atanifikia kitandani lini?"

"Mwulize mwenyewe, si huyo hapo dirishani!"

"Nimemwuliza. Amenigeuzia mkia!"

Ofisa wa manispaa alikuja na utepe, akapima, akaandika vyumba saba, akaomba maji ya kunywa.

Nokuthaba alikuja kila Jumamosi. Safari ya tatu alihesabu madirisha kutoka getini, akayahesabu tena, kisha akaingia.

"Mama, naona vyumba vimeongezeka."

"Vya paka hivyo. Nikiingiza watu sasa hivi, nitavuruga kazi yote. Mambo haya hayataki haraka, mwanangu. Kila mmoja ana harufu yake, na mwenzake lazima aizoee polepole."

Nokuthaba alimfungua Sinqobile leso ya kichwani, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza.

"Basi chukua hii. Tandika chini ya sahani yako."

MaDube aliipokea kwa mikono miwili. Jumamosi iliyofuata alimrudishia, imefuliwa kwa sabuni, imeanikwa juani na kupigwa pasi, haina harufu yoyote.

"Ilikuwa na doa," alisema. "Limetoka lote."

Nyumba ilipofikisha vyumba tisa, kitoto kimoja, jike mwenye madoa, alitoka chumba chake akapita milango yote bila kusimama, akaukanyaga mkia wa Mfundisi. Mfundisi aliinua mguu. MaDube hakusogea, alikuwa na hakika na kazi yake. Mguu ukashuka taratibu juu ya kichwa cha yule mdogo, ukambana chini, na Mfundisi akaanza kumlamba masikio. Jioni ile watatu walikula bakuli moja. Hakikuja chumba kingine, na vilivyokuja havikuondoka.

Wanawake wa kanisani walikuja kutazama. MaDube aliwapitisha chumba kwa chumba, akiwaeleza habari ya vitambaa. "Ni kuvumilia tu," aliwaambia. "Na kuwa na moyo."

Vyumba tisa vina vumbi jingi, na magoti ya MaDube hayakuwa ya ujana. Akampa Nokuthaba kazi ya kufagia, mara tatu kwa wiki, aingie asubuhi na kutoka kabla ya jua kuzama. Nokuthaba aliikubali. Alifagia vizuri, akafungua madirisha yote, akayafunga, akaweka ufagio mahali pake.

Siku moja, wakati wa kuondoka, Sinqobile hakuonekana. Walimkuta chumba cha tisa, amelala sakafuni, Mfundisi kamkumbatia mgongoni na vile vitoto viwili vimejikunja tumboni kwake. Wote wanne walikuwa wakipumua kwa pamoja.

"Ngoja," alinong'ona MaDube. "Niachie mimi, nina mikono myepesi."

Alipiga magoti, akapitisha mikono chini ya mtoto, akamnyanyua polepole mno, asije akawaamsha paka. Alimbeba hivyo akipita vyumba vyote tisa, mpaka getini, akamkabidhi kwa mama yake.