Herlinda Anajifunza Kutulia

Mashine ya pasi ya hoteli haimsubiri mtu. Rola zake zinazunguka, na mama wa kulia na mama wa kushoto wanakamata shuka bichi kwenye pembe, wanalinyoosha, wanalitia, wanachukua jingine. Ukijikuna pua tu, shuka linaingia na mkunjo, na mkunjo huo utapelekwa kwa msimamizi kama ushahidi wa jinai. Herlinda Utrera alisimama upande wa kulia tangu binti yake akiwa wa kubebwa. Sasa binti huyo ana watoto watatu, na Herlinda ana vidole visivyosikia moto na miguu inayovimba kabla ya mchana. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu.

Msimamizi wake, Abdías Pulido, aliletwa Veracruz kutoka mji mkuu na mpaka leo alikuwa analalamikia joto. Asubuhi ile alisimama mlangoni, pale feni inapofika.

"Doña Herlinda, nasikia unatukimbia."

"Mwisho wa mwezi, bwana."

"Mbona mimi nakuona una nguvu zako? Wasichana wawili wameacha kazi wiki hii, na karnivali ndiyo hiyo inakuja. Tuongeze mwaka mmoja tu. Halafu zile karatasi zako za pensheni nazisaini vizuri, hatusumbuani."

Herlinda alielewa. Karatasi zilikuwa mezani kwa Pulido, na mwenyewe akitaka zitalala palepale mpaka zibadilike rangi. Alitaka kusema hapana. Lakini miaka yote ya kufua na kupiga pasi katika hoteli ile, neno hilo halikuwahi kumtoka. Aliitwa siku za Jumapili akaenda. Siku aliyomzika mama yake aliitwa mchana, na jioni alikuwa mashineni na nguo zake za msiba.

"Nitafikiri," alisema.

Pulido alitabasamu akaondoka. Alishajua Herlinda akisema hivyo maana yake ni nini.

"Unafikiri nini sasa?" aliuliza Chefina, mama wa upande wa kushoto, bila kuacha shuka. "Si umwambie hapana?"

"Nitamwambia kesho."

"Kesho utamwambia ndiyo, na utamwambia ahsante juu yake. Mimi nakujua."

Akirudi nyumbani alipitia dukani, akapata mayai machache kuliko ya wiki iliyopita kwa hela ileile. Binti yake alipiga simu kusema ni vizuri mama anastaafu, maana atakuwa anawachukua watoto shuleni. Jirani alimwita dirishani: wakishirikiana kuuza tamale, unga wa mahindi wa kupikwa ndani ya majani, asubuhi, yeye Herlinda akiwa wa kupika, watatajirika. Kila mtu alikuwa ameshampangia. Hakuna aliyemuuliza anataka nini, na afadhali, maana jibu lenyewe lingemtia aibu. Alitaka kukaa. Akae kwenye benchi la uwanja wa katikati ya mji, miguu ameiweka juu ya kikapu, upepo wa bahari unampiga, na asiitwe na mtu.

Jioni alivaa gauni jeupe, akachukua upepeo wake, akaenda uwanjani kucheza danzón. Mwenzake wa dansi alikuwa don Eleuterio, kuli wa bandarini wa zamani, mjane, mtu wa mgongo ulionyooka na maneno mengi.

Hatua Herlinda alizijua. Kilichomshinda ni kusimama. Danzón ikirudi kwenye kiitikio wachezaji wote huachiana, wakasimama bega kwa bega wakiwatazama wapiga muziki. Wanawake wanajipepea, wanaume wanapangusa jasho, kisha wote kwa mara moja wanashikana tena na kuendelea. Herlinda mikono yake haikuijua raha hiyo. Kila kiitikio kikianza ilikwenda yenyewe kwenye kola ya Eleuterio, ikaanza kuinyoosha.

"Doña, unanipigia pasi shati na mimi nimo ndani?"

"Limekunjamana."

"Liache likunjamane. Nililinunua na mikunjo yake."

Walikuwa katikati ya wimbo wa pili Herlinda alipomwona Pulido. Alisimama karibu na muuza barafu, shati limemganda mgongoni, anamwita kwa kidole.

"Nani huyo anayekuita kama kuku?" aliuliza Eleuterio.

"Bosi wangu."

Wakati huohuo kiitikio kilianza na uwanja mzima ukasimama. Pulido, mgeni wa watu, alidhani wimbo umekwisha. Akapiga makofi mawili ya adabu, akapita katikati ya wachezaji mpaka mbele yake.

"Afadhali nimekupata, simu hupokei. Wageni wameshuka bila taarifa na zamu ya usiku imepungukiwa mtu. Twende, teksi ile pale."

Siku nyingine Herlinda angekuwa ameshaanza kutembea. Sasa alijipepea. Aliwatazama wapiga muziki, mikono yake imetulia mahali pake, na hata yeye alishangaa.

"Hapana," alisema.

Neno lilitoka dogo, klarineti ikataka kulimeza.

"Hapana nini?"

"Usiku huu hapana, na huo mwaka wako hapana. Mwisho wa mwezi naondoka."

"Na karatasi zako, doña?"

"Usiposaini, mwezi ujao nitakuja kukaa mlangoni kwako kila siku tangu asubuhi. Sitakuwa na kazi nyingine."

Eleuterio alikohoa kuficha kicheko. Pulido alifungua mdomo, lakini ngoma ziligonga, watu wakashikana, na uwanja wote ukaanza kwenda. Alijikuta katikati. Akienda kulia anakutana na mgongo, akienda kushoto anakutana na upepeo. Bibi mmoja alimkanyaga kidole, na mume wa yule bibi akamwambia, "Kijana, cheza au utupishe."

Herlinda alimwona akisukumwa taratibu kuelekea kwa muuza barafu. Hakujidanganya. Pulido alikuwa mtu wa kinyongo, na kesho kazini itakuwa ngumu. Aliogopa, akaubana mkono wa Eleuterio kama pembe ya shuka.

"Unanibana vidole, doña."

"Najua."

"Tukakae?"

"Bado. Hii sehemu ya mwisho si ndiyo yenye kasi?"

"Ndiyo hiyo inakuja."

"Kila mara naifikia nimechoka," alisema Herlinda, akamshika vizuri. "Leo nimepumzika."