Mgongo wa Mkwe

Tangu Niyokwizera aolewe na Viktori, mama yake, Pelagia, hakuwahi kumpa mkwe wake mkono. Ndivyo walivyolelewa wote wawili katika familia za asili ya Burundi huko Ulyankulu: mkwe na mamamkwe husalimiana kwa mbali, wala hawakai mkeka mmoja. Hata siku walipomzika Niyokwizera, mwaka juzi, kila mmoja alilia peke yake.

Marehemu hakuacha mtoto wa kuwaunganisha. Kwa hiyo Viktori alipopiga simu kutoka Itetemia kumwalika kwenye matembezi ya jumuiya yao ya kanisani, kwenye hifadhi moja ya ziwani upande wa Kaliua, Pelagia alikubali, lakini moyo wake haukutulia. Alikuwa amesikia minong'ono kwamba Viktori ana mchumba, mwalimu wa Urambo, aitwaye Advera. Alihisi anaitwa ili aagwe.

Ziwa lilikuwa zuri kuliko alivyolifikiria. Maji yalikuwa yametulia, mayungiyungi yametanda ukingoni, na ndege weupe wakitembea juu ya majani yake kama wenye nyumba. Wanajumuiya walibaki pale wakipakua masufuria. Viktori akamwuliza kama angependa kuona magofu ya tembe ambamo misafara ya wapagazi ilikuwa ikilala zamani. Wakashika njia ya msituni, Viktori mbele, yeye nyuma.

Njiani walikuta kijito kimejaa kwa mvua ya jana yake, na daraja la magogo limesombwa. Viktori alitangulia kuvuka, akakata fimbo ndefu, akamnyooshea ncha moja ili waishike pande zote mbili bila kugusana. Pelagia alikuwa ameshafika katikati goti lake bovu lilipolegea. Akakaa majini kitako, kitenge chote kikalowa.

Viktori aliitupa fimbo, akaingia majini na viatu vyake. Alipomfikia akasimama tu, mikono ikining'inia, hajui amshike wapi bila kumvunjia heshima.

"Geuka, uchuchumae," Pelagia akamwambia. "Nibebe."

"Mama, itakuwaje?"

"Binti yangu ulimbeba ukimpeleka hospitali. Na mimi nibebe."

Akambeba. Alikuwa na mgongo mpana wa fundi seremala, ukinuka sabuni na jasho, na Pelagia alishangaa jinsi alivyokuwa akikanyaga taratibu, kama aliyebeba mayai.

Magofu yalikuwa kuta za udongo mwekundu zilizobaki kimo cha kiuno, na mtini ulikuwa umeota palipokuwa mlango. Viktori akamketisha ukutani, juani, kisha akataka kwenda kusimama mbali. Pelagia akamwita akae karibu. Hapo ndipo Viktori alipomweleza yote: kwamba Advera yupo kweli, kwamba alitaka Pelagia asikie kutoka kwake mwenyewe, na kwamba amekuwa akiahirisha kila wiki kwa sababu ya jambo moja.

"Nikioa," alisema akitazama viatu vyake vilivyolowa, "nitakuita nani?"

Kwa kitambo Pelagia alitamani kumkatalia, amwambie kaburi la mwanawe bado bichi. Lakini alimtazama, akaona jinsi alivyokonda, na shati lililoshonwa kifungo cha rangi nyingine.

"Mama," akasema. "Utaniita Mama. Na huyo Advera umlete nyumbani nimwone."

Viktori alifunika uso kwa viganja. Pelagia akamwekea mkono begani, akauacha hapo mpaka kitenge kilipoanza kukauka.

Advera alifika Ulyankulu mwezi uliofuata, mwanamke mrefu mwenye haya, akapiga goti mlangoni na kumwamkia shikamoo. Pelagia akasema marahaba, akampokea mkoba, akampeleka kwenye chumba kilichokuwa cha Niyokwizera. Alikuwa amekitandika shuka mpya tangu asubuhi.