Mwanaume Mwenye Alicheka ku Kilio

Dimanche kisha misa, Plamedie, mutoto yangu ya mwisho, alileta kiti karibu yangu mu lupango, inje ya mulango, pa jua, sababu mu mwezi ya sita nyumba yetu ya Kampemba iko na baridi kuliko inje. Prof yake ya français aliomba kila mutoto aandike hadithi ya huzuni, yenye hiver ndani. Kesho yake, lundi, atasoma yake mbele ya darasa. Bila ile points, hamalizi masomo.

"Hiver ni nini?" Miye nilifika paka troisième primaire.

"Baridi ya ku Ulaya, papa. Prof anasema mu bitabu bya huzuni, hiver ikiingia, ujue matumaini imekwisha. Neige, barafu yenye kuanguka toka juu, inafunika kila kitu, muntu anabakia peke yake, anakufa."

"Na ile neige uliiona wapi?"

"Mu frigo ya tantine Constance."

Tulicheka. Kisha akasoma.

Alibadilisha jina, lakini nilimujua Mado, bibi yangu, mama yake, tangu mustari ya kwanza: mwanamuke mwenye kupepea moto ya makala mu mbabula na kifuniko ya sufuria, anakohoa. Neige inaanguka. Anakufa. Bwana yake anaikala kando ya makala yenye kuzimika, hasemi tena na muntu, moyo yake inakuwa barafu. Basi.

"Umeniua na miye," nikasema.

"Papa, si vile uko? Tangu mama alienda, unasema paka juu ya bakubwa na kurant."

Na nitaendelea kusema! Shaba inatoka huku kila siku, lakini ile mwaka Mado alikufa tulimaliza wiki tatu bila kurant, bila umeme. Mashini ya kumusaidia Mado kupumua ililala pale, yenyewe sawa maiti. Kwa bakubwa, groupe, mashini zao za kufanya kurant, zilikuwa zinalia, zinamulika maua.

Lakini kulikuwa kitu moja yenye sikumuambiaka mutoto. Alikuwa analala ku masomo, ku internat ya Kipushi, alifika maziko imekwisha. Kilio hakuiona.

"Sikiliza," nikamuambia. "Ku kilio, mwanaume mwenye kufiwa na bibi anaikala chini, kichwa chini. Hasemi, hacheki. Bajukulu njo wako na ruhusa ya kuchezea, kuiga marehemu na kutukana mufiwa. Ile siku baridi ilikuwa inakata masikio, bantu bote karibu na moto ya magogo. Mukuka, mujukulu ya mama yako, akavaa kikwembe ya marehemu, akakamata kifuniko ya sufuria, akapepea, akakohoa. Kisha akanigeukia: 'Ruben! Umeikala pale sawa gavana! Makala inatembea yenyewe kutoka soko? Na ile suruali, uliivaa tangu uhuru?'"

Plamedie akafunika kinywa. "Ni mama kabisa!"

"Njo yeye. Bamama balicheka. Na miye…"

"Na weye?"

"Nilicheka, mutoto yangu. Na nguvu. Mbele ya bakwe! Constance akasimama: 'Dada yangu iko mu sanduku, bwana anaonyesha meno!' Tangu pale hakukanyaga tena mu lupango yetu. Nilikuficha ile maneno. Niliogopa utasema sikumupendaka."

Nikaangalia bilatu byangu mu miguu.

"Papa," akasema, "suruali ilikuwa rangi gani?"

"Kaki. Na kiraka mbili."

Akafuta mwisho yote ya hadithi, akaandika upya, makamasi na kicheko pamoja. Neige aliiacha mule ndani. Mwanaume yake, mu ile neige, akacheka.

Lundi akarudia na points kumi juu ya makumi mbili. Prof aliandika na wino nyekundu: *mu hiver ya huzuni, mujane hacheki.*

"Unaona?" nikawaka. "Hata mu masomo bakubwa banatuchagulia namna ya kulia! Ule prof akuje huku ku Kampemba, alale chini mu kilio—"

"Acha, papa. Kumi inatosha, nimepita. Darasa yote ilicheka, kisha batoto bengine balilia." Akavua sapato. "Nilipitia kwa tantine Constance, nikamusomea na yeye."

"Akasema nini?"

"Alisema Mukuka alisahau tusi moja, ile mama alikuwa anakutukana nayo sana."

"Gani?"

"Alikataa kuniambia, eti miye mutoto. Atakuja dimanche kukuambia yeye mwenyewe."