Chumvi ya Kisima Kipya

Mama Chumvi hakupewa jina hilo kwa ajili ya mapishi. Alipewa kwa sababu ya mdomo wake: panya akikatiza ghalani, yeye atasimulia panya mkubwa kama mbuzi, tena mwenye ndevu. Ndiyo maana alipotangaza kwamba kisima kipya cha ushirika kina chumvi, watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Shemeji, hapo sasa unatia chumvi," alisema mwenyekiti wa ushirika, mdogo wa marehemu mumewe. Ndiye aliyechagua pa kuchimba, kwa kunyoosha kidole tu, bila kupima chochote.

Mama Chumvi hakucheka. Kitaluni kwake majani ya miche ya nyanya yalikuwa yameungua kingoni, na udongo aliomwagilia kila siku ulikuwa umeota utando mweupe. Miche ilikufa kwa kiu huku imesimama kwenye maji. Iliyobaki hai ni ile aliyoinywesha maji ya mvua kutoka kwenye tangi kuukuu, na tangi lenyewe mwenyekiti alitaka ling'olewe baada ya uzinduzi wa kisima, eti linachafua mandhari. Likiondoka, kitalu kimekwisha. Ilimuuma sana, maana kwa mara ya kwanza maishani alikuwa hajaongeza neno.

"Mwite bwana shamba aje apime," aliomba.

"Bwana shamba ana shughuli zake. Wewe umezidisha mbolea. Hebu tupikie chai ya wageni."

"Nitapika, shemeji. Kwa maji yako."

Siku ya uzinduzi mwenyekiti alihutubia saa nzima kuhusu maji matamu yasiyo na mfano. Mkurugenzi wa halmashauri aliyealikwa kukata utepe alipiga funda moja la chai, akaitema kwenye leso.

"Nani ametia chumvi humu?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Mama Chumvi, kwa mazoea tu.

"Leo sijatia hata punje, mheshimiwa. Ni maji ya kisima, kama yalivyotoka. Si shemeji ameyasifu sasa hivi?"

Mkurugenzi akamsogezea mwenyekiti kikombe. Mwenyekiti akanywa, macho yakamtoka, akameza kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama.

"Tangi lile lisiguswe mpaka maji yapimwe," alisema mkurugenzi. "Haya, mwenyekiti, maji yako yana nini?"

"Yana chumvi... kidogo."

"Kidogo?" Mama Chumvi akamjazia kikombe tena. "Shemeji, hapo sasa unaipunguza."