Soma Ukingoni Kabla ya Tangazo la Tatu

TANGAZO LA KWANZA

Wanatarajia kufunga ndoa takatifu: Agata Wakesho Mwandoe, binti wa marehemu Mwandoe na Mkawasi, wa kigango hiki cha Mtakatifu Brendani, na Mwadime Mwakio Hanloni, mwana wa Mwakio Simioni Hanloni na Zighe, wa kigango cha bondeni. Mwenye kujua pingamizi amweleze paroko kabla ya tangazo la tatu.

1.

Nikasimama.

2.

Sikupanga. Miguu ilisimama yenyewe, mimi nikaifuata. Kanisa lote likageuka, hata wanakwaya wakageuka na vitabu vyao.

Katekista alishusha miwani. "Mama Wakesho, unasimama kama nani?"

"Kama pingamizi."

3.

Wewe unayesoma hii, kama una binti, weka chini hicho unachofanya.

Miezi minane nilimwita kijana yule Mwadime. Alikunywa chai yangu. Wajomba wa Wakesho walikaa na wazee wake, wakala, wakaulizana habari za mvua na za barabara. Hakuna aliyeuliza jina la tatu. Mimi mama sikuuliza. Nimelisikia kanisani, pamoja na wewe na kila mtu.

Hanloni.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Brijita Hanloni. Baba yake alikuwa Tomasi Hanloni, fundi mawe, Mzungu wa Kilbranoe huko Ayalandi, ndiye aliyejenga kanisa hili hili nililosimama ndani yake. Milima yetu yote ya Taita nilijua ina Hanloni mmoja. Kumbe kuna wa pili, na amekaa na binti yangu benchi moja.

Uliza majina yote matatu. Uliza kabla hujachemsha maji.

4. (Nje ya kanisa, wanawake wawili. Hawakujua niko nyuma ya ukuta.)

— Kuna mtu hufanya hivyo kwa mwanawe mwenyewe?

— Alitaka mkwe mwenye gari, huyo.

— Lakini shoga, kama ni damu moja? Watazaa nini?

— Watazaa watoto. Kwani wewe ulizaa nini?

5. (Hapa anaandika Wakesho. Mama ameahidi hatagusa.)

Nilimwambia gauni limeshashonwa. Akaniambia, "Gauni hufumuliwa. Damu haifumuliwi."

Sikulala nyumbani wiki ile. Nilikwenda kwa shangazi. Mwadime alinipigia simu, akasema tukiwa ndugu yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo nianze kumwamkia. Nikacheka. Halafu nikakata simu kwa sababu

6.

Mzee Mwakio, baba wa kijana, alifika kwangu alasiri ya Jumapili ile ile na kofia yake ya sherehe.

"Sisi tunajulikana," akasema. "Baba yangu Simioni alikuwa mtoto wa fundi. Wa kumzaa. Angalia pua hii."

Nikaiangalia. Ilikuwa pua ya Taita, haina hata chembe ya Ayalandi.

"Kwa hiyo unakubali, mzee? Bibi yangu Brijita na baba yako Simioni, baba mmoja?"

"Ndiyo, naku..."

Akavua kofia. Alikuwa amejisifu mpaka akajifungia nje.

7.

KITABU CHA UBATIZO, CHA KWANZA. UKURASA WA 14. (Kimeliwa na mchwa.)

24 Desemba 1911
Simon           miaka kama mitatu
baba

                         Hanlon

8.

Padre Kirigha, paroko wetu, alishika ukurasa ule kama mtu anayeshika mtoto mchanga.

"Jina la Hanlon liko hapa. Swali ni liko safu gani. Safu ya baba, au safu ya msimamizi wa ubatizo?"

"Mistari iko wapi, Padre?"

"Tumboni mwa mchwa."

Akanieleza kitu ambacho shuleni hawakunifundisha, na mimi niliishia darasa la saba. Zamani zile, misheni ilipokuwa changa, Wakatoliki watu wazima walihesabika kwa vidole. Mtoto akiletwa na hana wa kumsimamia, fundi aliitwa aje na vumbi lake la mawe, amshike. Na mtoto huyo aliweza kuondoka na jina la ukoo la msimamizi wake. Hivyo ndivyo walivyofanya hapa.

"Kwa hiyo si damu?"

"Labda si damu."

Labda! Mtu haolewi kwa labda.

9. (Hapa kinasema kitabu.)

Mimi nimeliwa, lakini siko peke yangu. Sisi vitabu vya ubatizo tunaandikiana. Ukibatizwa kwangu ukaenda kuoa ng'ambo ya bahari, padre wa huko hawezi kukufungisha ndoa kabla hajauliza kwangu: huyu ni huru? ana mke kwenu? alitoka lini? Na ukishaoa, habari inanirudia, naandikwa ukingoni, kando ya jina lako la utotoni. Mtu huhama. Ukingo wake unamngoja palepale.

Fundi Tomasi hakubatizwa kwangu. Muulizeni mwenzangu wa Ayalandi.

10.

Saiba ya Wundanyi, duka la kompyuta na intaneti, kiti cha tatu. Wakesho alirudi kunitafsiria, lakini alikaa amenipa bega.

*Kwa katibu wa Parokia ya Kilbranoe. Mimi ni mama. Natafuta ukingo wa Tomasi Hanloni, fundi mawe, aliyekuja kwetu kabla ya mwaka 1912. Naomba kujua alitoka kwenu lini. Ukichelewa, tangazo la tatu litasomwa na mimi nitakuwa nimeharibu harusi au nimeharibu ukoo. Salamu kwa watoto.*

"Mama, hujui kama ana watoto."

"Andika."

TANGAZO LA PILI

Likasomwa. Watu hawakumtazama katekista. Walitazama miguu yangu.

11. Mambo niliyoyawaza kuanzia Jumapili hadi Alhamisi

kwamba barua imeenda Ayalandi nyingine

kwamba Wakesho atatoroka naye

kwamba nimekosea, na hatanisamehe

kwamba sijakosea

wajukuu

wajukuu

12.

*Mpendwa Bi Mkawasi,*

*Watoto hawajambo, ni wanne. Ukingo wako nimeupata. Kitabu chetu kina Thomas Hanlon watatu, kwa sababu huku mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba, na ndugu watatu walikuwa wana wa Thomas mmoja. Nilikaribia kukutumia asiye wako. Lakini mmoja tu ana Afrika ukingoni. Nakunukulia:*

*"Fundi mawe. Ameishi parokia hii tangu kuzaliwa bila kutoka. Hajaoa. Ameondoka kwa meli 3 Machi 1911. Amemwoa Maria Samba, misheni ya Mt. Brendani, Afrika ya Mashariki, 12 Juni 1912."*

*Picha ya ukurasa nimeambatisha. Harusi ni lini?*

*Noreen*

13.

Sikiliza hesabu hii, nimeifanya kwa vidole na iko sawa.

Machi yuko melini. Tuseme amefika Aprili. Tuseme alikuwa na haraka, hakupumzika hata siku moja, Mungu anisamehe. Mei moja. Juni mbili. Julai tatu. Agosti nne. Septemba tano. Oktoba sita. Novemba saba. Desemba nane.

Mwezi wa nane! Mkesha wa Krismasi mtoto wake yeyote angekuwa bado tumboni. Na Simioni siku hiyo alikuwa na miaka mitatu, anatembea, ana meno, amembishia padre pengine.

Msimamizi.

Msimamizi!

Nilipiga kigelegele mpaka mwenye saiba akatoka chumba cha nyuma. "Mama, hapa watu wanajaza fomu."

"Wajaze!" nikamwambia. "Wajaze na majina yote matatu!"

Wakesho alinigeukia. Bega lile likawa kifua, nikalia hapo.

14.

Na hili lilinijia njiani, tukipanda kwenda nyumbani. Kitabu cha ndoa cha misheni kiliungua zamani, na bibi Brijita aliishi miaka themanini akiitwa mtoto wa nje wa Mzungu. Alizaliwa 1913. Mama yake, Maria Samba, aliolewa 1912, kanisani, na imeandikwa mbali kule ambako hakuna jirani wa kuifuta.

Nilisimama barabarani nikamwita bibi kwa jina lake lote. Brijita Samba Hanloni. Mbuzi wa watu walinitazama.

TANGAZO LA TATU

Wanatarajia kufunga ndoa takatifu wale wale. Pingamizi lililoletwa limechunguzwa, na limeondolewa na aliyelileta. Paroko anaomba vigelegele viwe vya wastani.

(Havikuwa.)

15.

Watu walipotoka, Mzee Mwakio alibaki kwenye benchi, kofia magotini. Nikakaa karibu yake.

"Umenirudishia mkwe," akasema, "ukaninyang'anya babu."

"Pole, mzee."

"Miaka sabini namjua babu yangu. Kanisa hili nilikuwa nikiligusa ukutani nikipita. Sasa baba yangu ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia ninachokijua sasa kuhusu vitabu.

"Mtoto wa miaka mitatu hakupanda mlima huu peke yake mkesha wa Krismasi. Kuna mtu alimleta. Na baba yako alioa wapi?"

"Misheni ya bondeni."

"Na yule padre wa bondeni aliandika majina ya wazazi wake kwenye kitabu cha ndoa?"

Alinigeukia polepole.

"Sijui kama mchwa wamefika huko," nikasema. "Sikuahidi kitu. Harusi ni Jumamosi. Jumatatu saa mbili nitakungoja kituo cha basi, twende tukakisome."

Akavaa kofia. Akaivua tena.

"Saa moja," akasema.