Barua Kuhusu Ng'ombe wa Mokami

Barua ilifika Machochwe siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, ndani ya kofia ya dereva wa bodaboda. Yeye aliipokea Mugumu kwa kondakta wa basi la Mwanza, na kondakta alipewa na mtu wa Geita ambaye hata jina hakumuuliza. Bahasha ilikuwa na doa la chai kwenye pembe. Juu yake paliandikwa: Kwa Mama yangu Tabitha, Machochwe. Isomwe mbele ya watu.

Mgeni angeuliza kwa nini Nashoni, mwana aliyeiandika, asipige simu tu. Simu alikuwa nayo, na Jumapili akipata mtandao alipiga, akamwamkia mama yake, akamsikia mtoto wake Eunice akihema kwenye simu bila kusema neno. Lakini habari za ng'ombe hazikusemwa kwenye simu. Miaka miwili nyuma, mdogo wake Anold aliuza dume jekundu la nyumbani akidai kaka ameagiza kwa simu. Nashoni akakana. Wote wawili waliapa, na dume lilikuwa limeshapita mnadani. Toka siku hiyo Bibi Tabitha aliweka sheria. Neno la ng'ombe lije kwa karatasi, lisomwe uani watu wakisikia, kisha karatasi iingie kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa chini ya kitanda chake, na asiiguse mtu. Mume wake alikuwa amekufa zamani na zizi lilikuwa la nyumba yake, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

Kopo lilikuwa na barua saba. Nashoni alikwenda magharibi, ng'ambo ya Mwanza, yeye na vijana wenzake, baada ya kuona kwamba kule Matongo, alikokuwa akibahatisha mawe na alikompatia Gati, mama yake Eunice, hapakuwa tena na nafasi ya mtu mwenye sururu na tochi. Huko walishika duara, yaani shimo lao wenyewe, wakaanza kushuka kuufuata mwamba wenye dhahabu. Barua ya kwanza ilisema zimebaki mita kumi. Ya pili, mita sita. Ya tatu ilisema lile duara wameliacha, wameshika jingine lenye matumaini zaidi, na hilo limebakiza mita kumi na mbili. Gati alizisikia zote akiwa nyuma ya watu, karibu na jiko, anamnyonyesha Eunice. Fungu lake lilikuwa mstari wa mwisho, mmoja, usiobadilika: Mama Eunice nampa salamu, avumilie.

Msomaji alikuwa Mwalimu Cleophas, mtu wa Karagwe aliyeletwa na serikali, ambaye hakuwa na hisa katika ng'ombe wa mtu yeyote pale. Kila akisoma alipewa kuku. Huyohuyo ndiye aliyefundisha darasa la jioni pale shuleni, wanawake wanane na mchungaji mmoja wa mbuzi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Gati hakusoma utotoni. Mama yake alikuwa akiponda mawe, na yeye ndiye aliyebaki na wadogo zake. Basi alikwenda darasani akiwa na Eunice mgongoni, miezi kumi na minne, na mtoto alijifunza kulala mwalimu akianza kugonga ubao. Nyumbani walijua anakwenda. Amefika wapi, hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi hiyo Mwalimu Cleophas alikuwa likizo kwao. Na uani, juu ya kigoda, siku ya pili sasa, alikuwa amekaa mzee Nyangwine, baba yake Gati, aliyekuja kutoka Matongo na fimbo yake na mfuko wa rambo wenye shati moja.

Alikuja kwa sababu Jumapili ng'ombe wanane wa mahari ya Mokami walikuwa wameingia zizini. Mokami ni dada yake Nashoni, na hao wawili waliunganishwa tangu wadogo, kama wanavyofanya Wakurya: ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka mke. Gati alikuwa ameishi pale miaka minne kwa mbuzi wawili na ahadi. Ng'ombe wasipokwenda kwao, yeye ni mgeni tu aliyekawia, na Eunice ni mtoto wa Nyangwine. Na kule Matongo kaka yake Gati, Filemoni, alikuwa akiwangoja ng'ombe haohao ili naye aoe.

"Nikitoka hapa na ng'ombe, nimeozesha," mzee alisema jioni ya kwanza. "Nikitoka bila ng'ombe, natoka na binti yangu na mjukuu." Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja saa ya basi. Bibi Tabitha alijibu kwamba neno la Nashoni liko njiani.

Sasa lilikuwa limefika, na hapakuwa na wa kulisoma.

"Lete nisome mimi," Anold alisema. "Darasa la saba nilimaliza."

"Wewe macho yako yalishakula dume," mama yake alisema. "Kaa chini."

"Basi Mokami."

"Ng'ombe ni wake. Atajisomea anavyotaka."

"Mama, sasa itasomwa na nani? Tumngoje mwalimu mpaka Julai?"

Mzee Nyangwine alikohoa. "Mimi Julai sipo."

Bibi Tabitha aliigeuza bahasha, akaitazama nyuma na mbele, kisha akamtazama Gati aliyekuwa anapepeta mtama. "Mama Eunice. Huko jioni mnakokwenda kukaa, huwa mnafanya nini?"

"Tunasoma, mama."

"Mnasoma, au mnasomewa?"

"Nasoma mwenyewe."

"Huyu naye si ana lake humo?" Anold aliuliza. "Tena kubwa kuliko la kila mtu."

"Hapa kila mtu ana lake. Huyu akidanganya nitamwona usoni. Wewe nilikutazama usoni nisione kitu." Akampa Gati bahasha.

Gati alifuta mikono kwenye kanga. Mokami akamchukua Eunice. Karatasi ilikuwa moja, ya daftari, mwandiko wa Nashoni ule wa kulala upande kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Mwalimu aliwafundisha wasianze kwa mdomo. Kwanza macho yapite mpaka chini, ndipo mdomo ufuate. Akafanya hivyo. Ilimchukua muda, kwa sababu bado alisoma akisukuma neno kwa neno, na katikati ya karatasi akalifikia lililomhusu, akalirudia ili awe na hakika.

Kisha akabaki ameishika tu.

Aliona wazi anachoweza kufanya. Watu wanne walikuwa wakimngojea, wawili hawajui kusoma kabisa, wawili wamekatazwa kuigusa. Akisoma kwamba Nashoni anasema ng'ombe waende Matongo, mzee atanyanyuka, zizi litafunguliwa, na mpaka Nashoni apate mtandao Jumapili, ng'ombe watakuwa wameshavuka mto Mara. Wakishavuka hawarudi. Karatasi ingeingia kwenye kopo, na kopo lingerudi chini ya kitanda. Yalikuwa maneno matano tu ya kubadilisha. Hata sauti ya kuyasemea alikuwa nayo.

Hakufikiria dhambi. Alifikiria kitu kidogo zaidi: kwamba hii ni mara ya kwanza anapewa karatasi mkononi na watu wazima wakanyamaza kumsikiliza, na kama atasema kisichoandikwa, basi atakuwa bado hajasoma chochote. Labda pia aliogopa. Hata yeye baadaye hakuweza kuyatenganisha hayo mawili.

Akasoma.

"Kwako mama mpendwa, shikamoo. Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwenu mlio mbali na macho yangu. Mama, duara limeingia maji. Zilibaki mita nne. Mwenzetu Rabson amempata mtu mwenye pampu ya kukodi, lakini anataka malipo kwanza. Nimesikia ng'ombe wa Mokami wamefika. Naomba..."

Hapo alipitisha macho tena juu ya mstari huo.

"Naomba uuze watano, fedha apewe kondakta wa basi la Mwanza, anafahamika. Mzee Nyangwine aombwe asubiri mpaka Krismasi, nitamlipa ng'ombe na wa juu. Mwamba tumeshauona kwa tochi kabla ya maji. Anold ahangaike na shamba. Mama Eunice nampa salamu, avumilie. Ni mimi mwanao, Nashoni."

Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa mtama uliomwagika. Mzee Nyangwine aliinuka taratibu, akakunja shati lake, akaliweka kwenye rambo.

"Nimesikia," alisema. "Gati, kusanya nguo za mtoto."

"Sawa, tata," Gati alijibu, maana baba haambiwi vingine. Lakini miguu haikuondoka.

"Kaa, mkwe," Bibi Tabitha alisema.

"Nikae nifanye nini? Kijana wako amesema Krismasi. Krismasi ya nne hii."

"Barua imesomwa. Haijajibiwa." Akamgeukia Gati. "Rudia pale pa ng'ombe."

Gati akarudia, neno kwa neno, mpaka kwenye kondakta. Safari hii hakusimama katikati. Bibi Tabitha alikuwa anamtazama yeye, hatazami karatasi.

"Huyo ni Nashoni kabisa," alisema mwishoni. "Hakuna wa kutunga hayo, na huyu ndiye angekuwa wa mwisho. Kumbe tumekuwa tukimpa mwalimu kuku bure."

Anold alicheka, akajizuia alipoona hakuna anayecheka naye.

"Mokami," mama aliendelea. "Ng'ombe hawa wameingia kwa jina lako. Kaka yako amesema. Sema na wewe."

Mokami alikuwa amemweka Eunice kiunoni, na mtoto alikuwa anamvuta hereni. Wiki iliyofuata angepelekwa kwa mume wake, upande wa Tarime, kwa watu aliowaona mara mbili. Tangu Jumapili alikuwa haongei sana.

"Mimi siolewi ili nikodi pampu," alisema.

"Dada, kaka yuko kwenye shida," Anold alisema.

"Kwani mimi nakwenda kwenye ninayoyajua? Siku nikigombana na watu wa kule, nikakimbia na mtoto mgongoni, nakuja kugonga mlango wa nani? Wa pampu?" Akamwonyesha Gati kwa kidevu. "Nagonga kwa mke aliyeolewa kwa ng'ombe wangu. Huyo hawezi kunifukuza. Mkimpeleka Matongo leo, mimi hapa nina mlango gani? Wako wewe?"

Anold aliligeukia zizi.

"Na kaka je?" aliuliza. "Abaki majini?"

"Hayumo majini," Bibi Tabitha alisema. "Shimo ndilo limo majini." Alisimama kwa kushika goti. "Fungua zizi, Anold. Wote wanane. Na umsindikize mkwe mpaka daraja la Mara, usije ukasikia simu njiani."

"Twende, mura," mzee Nyangwine alimwambia kijana Anold, akiwa tayari amelitua rambo ili awe na mikono ya kuhesabia migongo. Aliwakagua ng'ombe mmoja mmoja, akalalamikia kwato za mtamba mweusi, akaambiwa kwato ni za safari, akakubali. Alipofika kwa Gati alisimama. Akamshika Eunice kichwani, kiganja kizima.

"Mama yako nitamwambia umekaa," alisema.

"Mwambie pia nimesoma, tata."

"Nitamwambia. Sijui kama ataamini."

Waliteremka na njia ya mahindi, vumbi likabaki juu yao kidogo halafu likatua. Gati alirudi kwenye mtama kwa sababu ulikuwa haujaisha. Ungo ulimwaga nje zaidi ya ulivyopeta, na Mokami alikuja akakaa upande wa pili, akaushika naye.

Mchana, baada ya kula, Bibi Tabitha alitoka ndani na daftari la Anold la zamani na kalamu. "Jibu liende na basi la kesho," alisema. "Andika."

Gati aliandika akiwa amepiga magoti mbele ya kigoda. Mama mkwe alisema na yeye alimfuata, akimwomba apunguze mwendo: Mwanangu, salamu nimepokea. Ng'ombe wamekwenda Matongo, wote, kwa neno la dada yako na langu. Ukikasirika, kasirika ukiwa nyumbani. Maji yakikauka yenyewe, chimba. Yasipokauka, shamba la juu halijalimwa.

"Weka na wewe neno lako," Bibi Tabitha alisema.

"Mimi, mama?"

"Si umeolewa? Andika. Ila utatusomea."

Aliandika polepole, ulimi ukiwa kwenye pembe ya mdomo. Eunice alijaribu kula kalamu mara mbili. Alipomaliza alinyanyua karatasi, akapitisha macho mpaka chini, ndipo akasoma.

"Baba Eunice, barua yako nimeisoma mimi mwenyewe, mbele ya watu, yote. Sikuruka neno. Mtoto ana meno kumi na mawili na anamwita kila mwanaume baba, hata wa bodaboda. Mimi ni mke wako tangu leo asubuhi. Zile mita nne nakuombea uzipate, lakini kama ni za kukuzuia mwaka mwingine, ziache. Barua nyingine ukiandika, usiniweke mwisho."

Mokami aliziba mdomo kwa kanga. Bibi Tabitha alifikiri.

"Hilo la mwisho," alisema.

"Nilifute?"

"Liache."

Gundi haikuwepo. Gati alichukua ugali uliobaki kwenye bakuli la mtoto, akaukanda kwa vidole mpaka ukalainika, akaupaka kwenye mdomo wa bahasha na kuubana kwa kiganja, akihesabu taratibu mpaka ushike.